Jeni 19 katikati ya mchoro: je, dawa ya magugu ndiyo imemletea mzee wangu Parkinson?

*"Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya sayansi ya maabara, nyumbani kwetu ni Urambo, Tabora. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimeingia kwenye kanzidata ya CTD, inayokusanya taarifa za kemikali, jeni na magonjwa, nikatoa orodha tatu: jeni zinazoguswa na paraquat (dawa ya magugu), jeni zinazoguswa na nikotini (ya kwenye tumbaku), na jeni zinazohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Baada ya kuchuja nilibaki na jeni 400, 500 na 200. Nikazilinganisha kwa mchoro wa Venn. Pale maduara yote matatu yanapokutana pana jeni 19, zikiwemo HMOX1, CAT, CASP3, BAX, TNF, IL6, TH, SLC6A3 na SNCA. Mwenzangu anasema hapo nimeshamaliza kazi: kemikali hizi mbili zinasababisha Parkinson kwa wakulima wa tumbaku. Kinachoninyima usingizi ni kwamba baba yangu, mwenye miaka 61, amelima tumbaku na kupulizia dawa ya magugu tangu sijazaliwa, na tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Je, naweza kuandika hivyo kwenye tasnifu? Na nimwambie nini mzee?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, la tasnifu na la mzee, na naona moja limelivuta jingine. Mchoro wako unaweza kukusaidia kwa lile la kwanza, ukiutengeneza upya. La pili hauwezi hata kuligusa. Jeni zile 19 hazikutoka mwilini mwa baba yako. Zimetoka kwenye makala za watafiti waliopima seli za maabara, panya, na watu wa nchi nyingine. Kwa hiyo usimwambie kwamba kompyuta imeonyesha ana Parkinson, wala kwamba dawa aliyopulizia ndiyo iliyomfikisha hapo. Mtu aliyewasomesha watoto kwa shamba lile akiambiwa hivyo na mwanawe msomi atabeba mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Nianze na yeye, maana tasnifu inaweza kungoja. Mkono kutetemeka kuna sababu nyingi. Upo mtetemo unaotokea mkono ukiwa umepumzika mapajani, ukapungua mtu anapochukua kikombe. Huo ndio wa Parkinson, na mara nyingi huanzia upande mmoja. Upo mwingine unaotokea hasa pale mtu anapoinua kikombe au kushika kalamu, na huo kwa kawaida ni tatizo jingine kabisa, la kawaida zaidi, ambalo huweza kurithiwa katika ukoo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi mikono hutetemeka. Kuacha pombe ghafla hutetemesha. Dawa za pumu kama salbutamol hutetemesha, na dawa kama haloperidol, chlorpromazine au metoclopramide huweza kuleta hali inayofanana na Parkinson kabisa, kisha ikaondoka dawa zikisimamishwa. Mchunguze mzee bila kumsumbua: mkono unatetemeka wakati gani? Amekuwa mzito kufunga vifungo? Anapotembea, mkono ule unaning'inia bila kupunga? Mwandiko wake umekuwa mdogo? Harufu ya chakula bado anaisikia?

Majibu ya maswali hayo mpelekee daktari. Usiyafanyie hukumu wewe. Parkinson hutambuliwa zaidi kwa daktari kumsikiliza na kumpima mgonjwa kwa macho na mikono yake, na damu pekee haitoi jibu. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mkiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, pamoja na picha za lebo za viuatilifu alivyotumia. Daktari akiona haja ya bingwa wa mishipa ya fahamu, atawaandikia rufaa ya Bugando au Muhimbili. Msikate tamaa kwa sababu ya safari. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kuwa wengi wa waliokuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walikuwa wakiishi na ugonjwa ambao una dawa: levodopa haiuponyi, lakini humrudishia mtu uwezo wa kutembea, kula na kuvaa mwenyewe.

Wakati mnangoja, apumzike kupulizia dawa. Hakuna anachopoteza, na kuna anachoweza kuepuka. Tena kuna mambo mawili yasiyosubiri miadi. Mtu akitoka kupulizia dawa ya wadudu kisha akaanza kutokwa mate na jasho jingi, mboni za macho zikasinyaa, misuli ikachezacheza, pumzi ikambana, huyo anakimbizwa hospitali saa ileile. Na yeyote aliyemeza paraquat, hata funda moja, apelekwe hata kama anasema hajambo. Haina dawa ya kuipoza, na madhara yake kwenye mapafu na figo hujitokeza baadaye, mtu akiwa ameshadhani amenusurika. Kile kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika kunakowapata wachumaji wanaposhika majani mabichi ya tumbaku yenye umande ni nikotini inayopenya kwenye ngozi. Kunachosha sana, lakini huisha kwa siku moja au mbili. Hakutoshi kueleza mkono uliotetemeka mwaka mzima.

Sasa twende kwenye mchoro.

John Venn, mwalimu wa mantiki huko Cambridge, aliuchapisha mchoro wake mwaka 1880 akitaka kuonyesha kwa macho jinsi makundi yanavyohusiana. Wewe umeujua sekondari kwenye mada ya seti, na pale maswali yalikuwa safi: wanafunzi wanaopenda hesabu, wanaopenda fizikia, wanaopenda vyote viwili. Jina linaingia kwenye duara kwa sababu moja inayojulikana. Orodha zako haziko hivyo. Chukua daftari la wanachama wa chama cha msingi cha tumbaku na daftari la zahanati ya kijiji hichohicho. Ukilinganisha majina utapata watu waliomo kwenye yote mawili, na hesabu yako itakuwa sahihi. Lakini mmoja alikwenda zahanati kwa malaria, mwingine alimpeleka mtoto kliniki, wa tatu alivunjika mguu kwa baiskeli. Kukutana kwa majina hakukuambii kilichompeleka mtu huko. Ndivyo ilivyo kwa jeni zako 19: mchoro umesema kweli kwamba zimo kwenye orodha zote tatu, basi. Sababu ya kila jeni kuingia kwenye kila orodha iko nje ya mchoro, na ndiko kazi yako iliko.

Tuangalie orodha zenyewe zilivyopatikana, kwa sababu hapa pana mtego ambao nadhani mwenzako hakuuona. CTD, yaani Comparative Toxicogenomics Database, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2004 na leo inaendeshwa katika chuo kikuu cha North Carolina State, Marekani. Wataalamu wake husoma makala za kisayansi moja baada ya nyingine na kuandika walichokikuta: kemikali hii imeongeza utendaji wa jeni ile, kemikali hii inahusishwa na ugonjwa ule, jeni hii inahusishwa na ugonjwa huu. Mpaka hapo ni ushahidi wa moja kwa moja. Lakini kanzidata hiyo hufanya jambo la pili, na hufanya kwa uwazi kabisa: huunganisha. Kama kemikali A inagusa jeni B, na kemikali A inahusishwa na ugonjwa C, basi jeni B huorodheshwa chini ya ugonjwa C kama uhusiano wa kukisiwa, kwa njia ya kemikali A.

Soma sentensi hiyo tena, kisha weka paraquat mahali pa A na Parkinson mahali pa C. Paraquat tayari inahusishwa na Parkinson katika makala nyingi. Kwa hiyo jeni yoyote iliyowahi kuguswa na paraquat katika bakuli la maabara inaweza kujikuta kwenye orodha ya jeni "za Parkinson" kwa sababu hiyo tu. Halafu wewe unakuja kulinganisha orodha ya paraquat na orodha ya Parkinson, unakuta zinapishana sana, unafurahi. Zitakosaje kupishana, wakati moja imetumika kuizaa nyingine? Sijui uliziacha za kukisiwa au uliziondoa ulipochuja, maana hukusema. Rudi kwenye faili lako la awali utafute safu ya ushahidi wa moja kwa moja. Pale utakuta alama inayosema kama jeni ni kiashiria au sehemu ya chanzo cha ugonjwa, au inahusiana na tiba. Safu hiyo ikiwa tupu, uhusiano ule ni wa kukisiwa. Ziondoe zote hizo kwenye orodha ya Parkinson, chora upya, uone zile 19 zinabaki ngapi. Hili ndilo la kwanza kufanya, na mengine yote ninayokuandikia hayana maana kabla hujalifanya.

Sina maana kwamba makisio hayo ni mabaya. Yamewekwa ili kumsaidia mtafiti kuona njia ambayo hakuna aliyeipita, na yana alama za kupimia uzito wake. Kuyatumia kama dokezo la swali jipya ni sawa. Kuyatumia kama jibu la swali lilelile lililoyazaa si sawa.

Jambo la pili ni mwelekeo. Duara halina mshale. Halisemi kama kemikali imeiongeza jeni au imeipunguza, wala kama hilo ni heri au shari. Nikotini yako ndiyo mfano mzuri kuliko wote. Tafiti nyingi za miaka mingi zimeonyesha kuwa wavuta sigara hupata Parkinson kwa kiwango kidogo kuliko wasiovuta, si kikubwa. Ndiyo maana watafiti walijaribu kuwapa wagonjwa wa Parkinson nikotini kwa kibandiko cha ngozini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa ugonjwa haukupunguza kasi. Hakuna hata mmoja aliyetoka hapo akisema sigara ni dawa, na wewe usiseme. Lakini unaona hatari ya sentensi ya mwenzako? Jeni za nikotini kukutana na jeni za Parkinson kunaweza kutokana na watafiti waliokuwa wakitafuta kinga. Mchoro unaonyesha makutano yaleyale, na wewe ungeandika kinyume chake.

Kwetu Tabora, mkoa wenye malaria nyingi, kuna utatu mwingine unaoonyesha jambo hilo vizuri zaidi: dawa ya primaquine, jeni ya G6PD inayosaidia kulinda chembe nyekundu za damu, na malaria. Primaquine hutibu malaria. Upungufu wa G6PD humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Na mtu huyohuyo mwenye upungufu akipewa primaquine, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Uhusiano wa aina tatu, mmoja wa tiba, mmoja wa kinga, mmoja wa madhara, na kwenye mchoro wote unaonekana kama jina moja lililokaa katikati.

Tatu ni suala la bahati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wasimamizi wengi watakuuliza. Je, 19 ni nyingi? Binadamu ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kama orodha zako tatu zingekuwa zimechotwa kwa bahati nasibu kutoka humo, makutano ya paraquat na nikotini yangetarajiwa kuwa 400 mara 500 gawanya kwa 20,000, yaani jeni 10. Makutano ya zote tatu yangekuwa 400 mara 500 mara 200, gawanya kwa 20,000, kisha gawanya tena kwa 20,000: unapata 0.1. Wewe una 19. Ukiishia hapo utaona muujiza.

Lakini je, jeni zote 20,000 zilikuwa na nafasi sawa ya kuingia kwenye orodha? Hapana. Jeni huingia CTD kwa sababu kuna mtu aliipima na kuandika makala. Zipo jeni zinazopimwa kila mahali: TNF na IL6 za uvimbe, CASP3 na BAX za kifo cha seli, CAT na HMOX1 za kupambana na sumu za oksijeni. Mtafiti anayejaribu kemikali yoyote, iwe kadimiamu, arseniki au moshi, huzipima hizo kwanza kwa sababu vipimo vyake vipo na bei yake inajulikana. Zipo nyingine elfu nyingi ambazo hazijaguswa na mtu. Tuseme, kwa mfano tu, jeni zenye nafasi ya kweli ya kuingia ni 4,000. Rudia hesabu: paraquat na nikotini sasa wanatarajiwa kukutana kwenye jeni 50 kwa bahati tupu, na zote tatu kwenye 2.5. Bado 19 ni zaidi, ila ule muujiza umepungua mara 25 bila jeni hata moja kuhama mahali pake. Tulichobadilisha ni kundi la msingi tu. Kwa hiyo ukiandika kwamba makutano yamezidi bahati, andika pia umelinganisha na kundi gani, na kwa nini hilo. Na katika kupima, tumia kundi la jeni zilizomo kwenye kanzidata yenyewe, si jeni zote za binadamu.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: jeni isiyokuwemo katikati haijathibitishwa kuwa haihusiki. Huenda hakuna aliyeipima.

Turudi kwenye zile 19, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani hazina thamani. Zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hizo za jumla nilizozitaja. Zinasema seli imedhurika. Hazisemi ni seli ya wapi wala ugonjwa gani. Ukibadilisha Parkinson ukaweka ugonjwa wa ini, nyingi zitakuwemo tena. Jaribu, ni kazi ya dakika chache: weka duara la ugonjwa usiohusiana kabisa na paraquat, uone ni jeni ngapi zinarudi. Hizo ndizo kelele zako, na napenda mwanafunzi anayezipima kuliko anayezificha.

Fungu la pili ni TH, SLC6A3 na SNCA, na hapa masikio yangu yalisimama. TH hutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha safari ya kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. SLC6A3 ni mlango unaorudisha dopamini ndani ya seli. SNCA hutengeneza alpha-synuclein, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Mabadiliko yake ya kurithi yaligunduliwa mwaka 1997 katika koo zenye ugonjwa huu. Hizi si jeni za kila ugonjwa. Zinahusu seli zilezile za dopamini zinazokufa katika Parkinson.

Na kuna tukio linaloeleza kwa nini mlango ule una uzito. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini ya kutengenezwa iliyochafuliwa na kemikali iitwayo MPTP waliganda ghafla, wakawa kama wazee wenye Parkinson iliyokomaa. Daktari William Langston na wenzake waliripoti mwaka 1983. Baadaye ilieleweka kuwa mwilini MPTP hugeuzwa kuwa MPP+, na MPP+ huingia kwenye seli za dopamini kupitia mlango uleule wa SLC6A3, kisha huzima utengenezaji wa nguvu ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Umbo la MPP+ linafanana sana na la paraquat, na kufanana huko ndiko kulikowafanya watafiti waanze kuitazama dawa ya magugu kwa jicho jingine. Utendaji wake si uleule: paraquat hudhuru zaidi kwa kuzalisha oksijeni sumu mfululizo ndani ya seli. Ukiandika aya kuhusu SLC6A3, sema tofauti hiyo.

Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi, ingawa haukutokana na mchoro. Mwaka 2011 Caroline Tanner na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika ndani ya kundi kubwa la wapulizia viuatilifu na wenzi wao huko Iowa na North Carolina. Waliotumia paraquat au rotenone (kiuatilifu kingine, cha kuua wadudu) walionekana kupata Parkinson kwa takriban mara 2.5 ya wasiotumia. Huo ni ushahidi kutoka kwa watu, na una uzito kuliko makutano ya orodha. Hata hivyo ni uwezekano ulioongezeka kwenye kundi. Wengi wa waliopulizia hawakuugua. Na James Parkinson alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1817, paraquat ilikuwa haijaingia shambani popote. Ilianza kuuzwa mwaka 1962. Ugonjwa una njia nyingi za kufika, na kwa mgonjwa mmoja mmoja ni vigumu mno kusema ulimfikia kwa njia ipi.

Sasa mambo madogo yanayoharibu michoro mingi. Jina moja la jeni likiandikwa namna mbili, mchoro huyaona kama majina mawili. Jeni ya PRKN zamani iliitwa PARK2, na GBA leo ni GBA1. Orodha yako moja ikiwa na jina la zamani na nyingine jina jipya, hazitakutana kamwe, na utaandika hakuna uhusiano. Za panya huandikwa Th na Slc6a3, na zana nyingine huzihesabu tofauti na TH na SLC6A3. Kama ulipitisha orodha kwenye Excel, angalia kama hakuna tarehe zilizojipenyeza: uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta takriban moja ya tano ya makala za jenomu zenye orodha za jeni za Excel zilikuwa na majina yaliyogeuzwa, SEPT2 ikawa tarehe 2 Septemba. Tatizo lilifika mahali ambapo mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ilitangaza kuwa imebadilisha majina yenyewe, ikawa SEPTIN2. Tumia namba za utambulisho za jeni badala ya majina kila unapoweza. Andika pia tarehe uliyopakua, kwani CTD huongezewa data kila mwezi, na mwenzako akirudia mwakani hatapata 400 zako.

Kuna pengo jingine ambalo ni letu sisi Waafrika. Orodha ya jeni za Parkinson imejengwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 ndipo watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walipotangaza badiliko kwenye GBA1 linaloongeza uwezekano wa Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo tafiti za Ulaya hazikuwa zimelionyesha. Fikiria ni mangapi mengine hayajatafutwa. Ukiwa mwanafunzi kutoka Urambo, aya moja kuhusu hili katika tasnifu yako ni haki yako kabisa.

Kuhusu namna ya kuonyesha, bakia na maduara matatu kama orodha ni tatu. Yana sehemu saba za ndani, na jicho la mtu hulimudu hilo. Ukitaka kuongeza rotenone, utakuwa na sehemu 15, na maduara ya kawaida hayawezi kuzionyesha zote. Ukiwa na tano ni 31. Hapo hamia kwenye mchoro wa UpSet, uliotangazwa mwaka 2014, ambao huonyesha kila makutano kama nguzo yenye urefu wake. Wasomaji wataulalamikia kwa dakika moja kisha wataushukuru. Vilevile usimruhusu msomaji akadirie wingi kwa ukubwa wa eneo: zana za VennViewer na MyVenn za CTD zitakupa hesabu za kila sehemu, hivyo andika namba ndani ya kila kipande. Na chini ya mchoro weka jedwali la zile jeni zitakazobaki katikati: kila jeni, kemikali iliifanya nini, katika kiumbe gani, na inahusishwaje na Parkinson. CTD hukusanya chini ya jeni moja ushahidi wa binadamu, panya, hata samaki wa maabara, kwa hiyo safu ya kiumbe ni ya lazima. Ukweli ni kwamba jedwali hilo ndilo utafiti wako. Mchoro ni mlango wa kuingilia tu.

Katika tasnifu, usiandike "zinasababisha". Andika kwamba umelinganisha jeni zenye ushahidi wa moja kwa moja, ukataja tarehe na vichujio, ukakuta jeni kadhaa zinazoshirikiwa, baadhi zikiwa za mwitikio wa jumla wa seli na baadhi zikihusu seli za dopamini, na kwamba hizi za pili zinastahili kupimwa. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mtu wa takwimu chuoni, mpelekee mambo mawili tu: kundi lako la msingi na kipimo cha makutano. Kaa naye uso kwa uso mkiwa na faili la awali kabla ya kuchuja, kwa sababu kosa la kuchuja halionekani kwenye picha iliyokamilika. Na mwonyeshe msimamizi wako michoro yote miwili, wa zamani na wa baada ya kuondoa makisio. Zile 19 zikishuka hadi tano, tetea hizo tano.